Inchi Tatu kwa Sekunde Tatu

Mke wangu anaendesha lori la mikate siku sita kwa wiki, na mara moja kwa mwaka anapanda mlima kwa kasi mbele ya watu. Barabara ya mlima ule ina kilomita sita na kona ishirini na mbili. Anayefika juu chini ya dakika nne anaandikwa kwenye orodha ya daraja la kwanza, na wa daraja la kwanza ndio wanaokwenda kwenye mashindano makubwa. Mara ya kwanza alipata dakika nne na sekunde tano. Mara ya pili dakika nne na sekunde tatu na nusu. Mwaka jana dakika nne na sekunde tatu kamili. Mwaka huu chama cha madereva kikatangaza kwamba orodha inafungwa: atakayeingia Jumamosi hiyo ameingia, asiyeingia awapishe wengine. Yeye ana miaka arobaini na minne.

Kwa hiyo ni sekunde tatu. Zilikuwa zinakaa nasi mezani kama mgeni asiyeaga. Ukichelewa kumpitishia chumvi anakwambia, "Hizo hapo tatu, zimekwenda." Mtoto akichelewa bafuni, anagonga mlango na kuhesabu moja mpaka tatu.

Mimi ni fundi wa mabomba ya moshi, wengine wanayaita ekzosi. Ni miaka thelathini sasa, karibu yote nimeimalizia chini ya malori na mabasi. Niliingia gereji nikiwa na miaka kumi na minne, na aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja mkali tuliyemwita Kapteni, ingawa hakuna aliyejua ni kapteni wa nini. Kapteni alikuwa na kanuni moja. Alisema injini lazima iwe na kitu cha kusukuma. Bomba likiwa pana mno, nguvu inamwagika nje. Niliimeza kanuni hiyo nzima nzima, na mke wangu alipopata gari lake la turbo nikamfungia bomba la inchi mbili, safi, limenyooka, halipigi kelele. Nililipenda lile bomba. Lilikuwa limekaa pale miaka yote mitatu.

Jumatatu ya wiki ile ya mashindano alikuja gereji saa sita mchana, koti la kazi bado lina unga mabegani. Akaniambia anataka bomba la inchi tatu, kuanzia turbo mpaka nyuma. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kumwambia habari za nguvu kumwagika, akanisikiliza mpaka mwisho, na kwa mke wangu hiyo ni dalili mbaya.

Kisha akanieleza alichofanya. Jana yake, nilipokuwa nimelala mchana, alichukua spana zangu akaenda na gari kwenye ile barabara tupu iliyo nyuma ya maghala. Akafungua boneti, akalegeza boliti tatu pale bomba linapoungana na turbo, akaacha upenyo moshi utokee pembeni. Halafu akapanda akakanyaga.

"Kelele zilikuwa kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati," akasema. "Lakini gari lilikwenda, baba watoto. Lilikwenda kama limefunguliwa pingu."

Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni ni hasira, nani amegusa boliti zangu. Cha pili kilikuja polepole, na kilikuwa kibaya zaidi. Turbo naijua. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na feni ya pili inasukuma hewa kuingia kwenye injini. Moshi ukitoka kwa urahisi, feni inazunguka haraka, hewa inaingia kwa wingi, gari linaruka. Moshi ukikuta njia nyembamba mbele yake unasita, feni inavuta miguu, na gari linasubiri. Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuwahi tu kuyaweka pamoja na kanuni ya Kapteni kwenye meza moja. Kapteni alifariki kabla hajaona turbo hata moja, na mimi niliendelea kufuata neno lake kama saa iliyosimama lakini bado inavaliwa.

"Kwa hiyo sekunde zangu tatu," akasema mke wangu, "zilikuwa kwenye bomba lako."

Nilitoka nikaenda nyuma ya gereji, nikakaa juu ya tairi la basi. Miaka mitatu nimemsindikiza mlimani, namshikia kofia, namwombea, na miaka yote hiyo mitatu mimi ndiye niliyekuwa nimembana pua. Kama angenitukana ningejitetea. Hakunitukana. Nilipochungulia alikuwa ameegemea gari anakula mkate wake wa mchana, ananingoja nimalize.

Nikarudi nikamwambia sitaki kupoteza wakati, alete gari asubuhi ya kesho.

"Limeshafika," akasema. "Hukuliona nimeliegemea? Mimi narudi kazini kwa miguu."

Mashine yangu ya kukunja mabomba imetengenezwa kwa ajili ya mabomba ya malori, na kila inapokunja inabonyeza kidogo kwenye kona. Kwenye lori hiyo si kitu. Kwa kazi hii nilikuwa sitaki kona hata moja ibane, kwa hiyo niliiacha mashine ilale. Nikachukua bomba la inchi tatu nikalikata vipande vyembamba vya mshazari, jinsi karoti inavyokatwa, kisha nikavipanga kimoja baada ya kingine mpaka vikafanya kona, upana ule ule mwanzo mpaka mwisho. Vipande arobaini na kimoja. Kila kimoja kilikuwa na maungio yake ya kuchomelea, na kila ungio nililisugua ndani kwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Sikuwahi kufanya kazi hivyo maishani mwangu. Jumanne nzima niliimba, na mimi siimbi.

Shida ndogo ilikuwa kwamba gari lenyewe limekaa chini sana. Lori unalala chini ukajisukuma kwa mgongo, unafanya kazi limesimama kwa miguu yake. Gari hili hata kichwa changu hakipiti. Nikalipandisha kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi nne, magurudumu yote yananing'inia, na hapo nikapata nafasi ya kukaa kabisa. Nilifurahi. Niliwaza kwamba mafundi wa magari madogo wanafaidi.

Mke wangu alikuja kila jioni akitoka kazini. Yeye ndiye aliyeshikilia mabomba nikiwa napima, mikono yake haitetemeki. Nikipima anataka kujua kwa nini nimepima, nikikata anataka kuona. Bomba la nyuma lilipaswa kupita juu ya ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, kwa sababu chini hakuna nafasi. Nikalipitisha vizuri, juu ya ekseli kukiwa na nafasi ya ngumi nzima, likashuka, likatokea nyuma upande wa kulia. Katikati nikaweka sailensa moja fupi, kwa sababu chama kina mtu wa kupima kelele na hana mchezo. Nyuma ya sailensa nikaweka flanji yangu ya kawaida ya boliti tatu, ile inayounga bomba kwa bomba, ili siku ikihitajika kipande cha nyuma kifunguke peke yake. Matundu ya flanji zangu huwa yako sawasawa, theluthi moja ya duara kila tundu. Hilo Kapteni alinifundisha na kwa hilo alikuwa sahihi.

Jumatano akaja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Anauza vipuri. Anatembea na shati jeupe lililopigwa pasi na buti ya gari iliyojaa sampuli: taa, nyembe za msumeno, mafuta ya breki, kila kitu. Akainama akatazama chini ya gari, akapiga mluzi.

"Shemeji, hili ni bomba la moshi au la maji machafu ya mtaa?"

Nikamwambia amuulize dada yake. Dada yake akamwambia linatosha kupitisha kichwa chake na maneno yote yaliyomo. Redio akasema anaheshimu mapenzi yetu, lakini mtu aliyezoea mabasi hawezi kuamka siku moja akawa fundi wa magari ya mashindano, ni kama yeye aamke awe askofu. Mke wangu akasema gari litafika chini ya dakika nne. Redio akasema likifika, yeye atafunga mdomo wiki nzima. Mke wangu akaacha kushikilia bomba, akanyoosha mkono, wakashikana. Nilimwonea huruma Redio. Wiki nzima.

Alhamisi jioni nilifunga boliti ya mwisho. Ninapochomelea karibu na turbo huwa naziba mdomo wake kwa kitambaa chekundu ili cheche zisiingie, na kabla ya kuwasha injini lazima nikishike kitambaa hicho mkononi na kumwonyesha mtu. Nikamwonyesha mke wangu. Akakikunja akakitia mfukoni mwake. Tukateremsha gari, akaingia, akawasha.

Sijui nieleze vipi. Lile bomba langu la zamani lilikuwa linanong'ona. Hili lilikuwa na kifua. Sauti ilitoka nzito, ya chini, mpaka spana zilizoning'inia ukutani zikaanza kucheza. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akatoka na utepe shingoni akauliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Mke wangu akagusa mafuta kidogo, na ndani ya ile sauti nzito ukapanda mluzi mwembamba, mluzi wa turbo, ambao kwa miaka mitatu nilikuwa nausikia kwa mbali tu kama mtu anayepiga mluzi ndani ya blanketi. Nywele za mikono zilinisimama. Mtu mzima mimi.

Akaenda kuzunguka kwenye barabara ya maghala. Mimi sikupanda. Siku zote sipandi anapokwenda kasi. Yeye anaendesha, mimi nasikiliza, na ndoa yetu imedumu. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake kwenye kioo. Akaniambia mshale wa turbo zamani ulikuwa unalala mpaka injini ifike mizunguko elfu tatu na mia tano. Sasa unaamka kwenye elfu mbili na mia tano. Akaniambia mara mbili, kama nisingeamini, kisha akanikumbatia pale pale mbele ya fundi cherehani, unga wake na grisi yangu.

"Linapumua," akasema.

Jumamosi tulifika mlimani saa moja asubuhi. Kila dereva anapewa safari mbili, na inayohesabiwa ni ile iliyo nzuri zaidi. Kuna mkaguzi, mwalimu mstaafu mwenye rula na filimbi, anayepita kila gari. Alipima kelele, akaandika, akasema tumepona kwa unywele mmoja. Akatukumbusha sheria ya mabomba: mdomo wa bomba uwe nyuma ya mlango wa dereva na usielekee chini. Wetu ulikuwa nyuma kabisa. Akapita.

Mimi hukaa chini, mahali pa kuanzia, kwa sababu kutoka pale unasikia mlima mzima. Kipaza sauti kinatangaza muda wa kila mmoja anapofika juu. Redio alikuwa kando yangu, shati lake linameremeta, anawaeleza watu asiowajua habari za bomba la maji machafu.

Mke wangu akaondoka. Niseme tu kwamba watu waliacha kuongea. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti ile nzito inashuka na kupanda, na kila anapotoka kwenye kona mluzi unaamka papo hapo. Nilikuwa nimeshika kofia yake kwa mikono miwili. Halafu, karibu na kona ya saba, ambako barabara ina mabonde mabonde, nikasikia kitu kingine. Ngo. Ngo ngo. Kama mtu anagonga mlango wa chuma kwa nyundo. Kona ya nane tena, ngo ngo ngo, na hapo nikamsikia ameachia mafuta. Akakanyaga tena, akaachia tena. Kila penye bonde analegeza.

Kipaza sauti kikasema dakika nne, sekunde moja, nukta sita.

Ulikuwa muda wake bora tangu aanze. Na haukutosha.

Magari yanashuka kwa msafara, kwa hiyo ilinibidi kungoja. Mke wangu alipofika alishuka na kuvua kofia ya chuma, uso umeloa jasho.

"Kuna kitu kinagonga nyuma, chini ya kiti cha nyuma," akasema. "Nilidhani ekseli imevunjika. Ningejua haijavunjika nisingeachia."

Hakuna shimo la gereji pale, hakuna stendi. Nikaona jiwe la pembeni ya barabara, nikamwambia arudi nyuma mpaka gurudumu moja lipande. Nikalala chini, nikajikunyata, nikapitisha kichwa kwa shida. Nikaona. Bomba langu zuri, pale linapopita juu ya ekseli, lilikuwa limebonyea, na chuma kimeng'aa kwa kugongwa.

Nililala pale chini nikiitazama kazi yangu. Nilikuwa nimelitengeneza gari likiwa hewani. Magurudumu yananing'inia, ekseli imeshuka, kuna nafasi ya ngumi. Gari likisimama kwa miguu yake, ekseli inapanda. Likiingia bondeni kwa kasi, inapanda zaidi, inakuta bomba. Fundi yeyote wa magari madogo anajua hilo siku yake ya kwanza. Mimi miaka thelathini nimefanya kazi chini ya malori yaliyosimama kwa miguu yake, na sikuwahi hata siku moja kuhitaji kuliwaza. Nikakumbuka jinsi nilivyofurahi kupata nafasi ya kukaa.

Nikatoka nikamwambia ukweli wote, hapo hapo. Nikamwambia ekseli ni nzima na gari ni zima, mwenye kasoro ni mimi, na kwamba hii ni mara ya pili kwenye gari hilo hilo.

Akanitazama. Akatazama saa yake. "Safari ya pili ni baada ya dakika arobaini," akasema. "Utanililia baadaye. Unafanya nini sasa?"

Ndipo kichwa kilipofunguka. Mashine ya kuchomelea sikuwa nayo, lakini nilikuwa na flanji. Boliti tatu, matundu sawasawa. Nikifungua kile kipande cha nyuma na kukizungusha theluthi moja ya duara, ile kona ya kwanza iliyokuwa inapanda kwa mshazari juu ya ekseli itageuka na kuelekea pembeni, mbele ya gurudumu la nyuma. Nikikata kila kilichobaki baada ya kona hiyo, moshi utatokea ubavuni. Sheria inasema nyuma ya mlango wa dereva. Haisemi mpaka nyuma kabisa.

Nilichokosa ni msumeno. Fremu ilikuwa kwenye sanduku langu, wembe wake ulikuwa umevunjika tangu Jumanne. Nikageuka kumtazama shemeji yangu. Yeye alikuwa ameshafungua buti.

"Za meno madogo au makubwa?" akauliza.

"Madogo. Na ulete mbili."

Bomba lilikuwa bado la moto. Tulilimwagia maji ya kunywa ya watu wanne, likatoa mvuke, na bado likaniunguza kupitia glovu. Boliti mbili zilifunguka vizuri, ya tatu ikagoma, nikaipiga, nikaisema vibaya, ikafunguka. Kukizungusha kipande peke yangu nikiwa nimelala ubavu haikuwezekana, mtu alihitajika kukishikilia upande wa pili. Mke wangu akapiga goti, nikamkataza, mikono yake inahitajika kwenye usukani. Basi Redio, bila kuvua hata saa, akalala kwenye vumbi na mafuta akajisukuma chini ya gari na shati lake jeupe. Nilisikia kichwa chake kikigonga chuma.

"Nimeshika," akasema. "Kata, shemeji. Usinikate mimi."

Nikakata. Wembe wa kwanza ulikatika katikati ya kazi. Wa pili ukafika. Kipande kikaanguka na kulia kama kengele, na mwishoni mwa kona yangu ya vipande tisa palibaki mdomo wa mviringo, umeelekea ubavuni, umeinuka kidogo. Nikausugua kingo kwa tupa, nikafunga boliti, nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Halikucheza. Kutoka pale hadi ekseli kulikuwa na nafasi ya kupitisha mtoto.

Mkaguzi akaja na rula yake. Akapiga magoti, akapima kutoka mlango wa dereva mpaka mdomo wa bomba, akapima tena. Akaweka kidole kuona unaelekea wapi. Akamwambia mke wangu awashe, akashika kile kipima kelele. Alikisoma kwa muda mrefu. Akasema asubuhi tulipona kwa unywele mmoja, sasa tumepona kwa nusu unywele. Akapuliza filimbi kuita gari linalofuata, nalo lilikuwa letu.

Kabla hajafunga mlango mke wangu alinishika kola.

"Linagonga au haligongi?"

"Haligongi."

"Nikanyage?"

"Kanyaga mpaka juu. Usiachie popote."

Akaniamini. Baada ya yote yale, aliniamini kwa neno moja, na mimi nilibaki nimesimama pale nikijua kwamba kama kuna kitu kingine nilichosahau, sina pa kujificha.

Akaondoka. Sauti sasa ilikuwa kali zaidi, imefupika, imechongoka. Kona ya kwanza. Ya tatu. Ya tano. Mluzi haukulala kabisa, kila kona unaukuta macho. Yakaja yale mabonde ya kona ya saba, nikafumba macho yangu. Nikasikia injini. Nikasikia injini tu. Kona ya nane, injini tu. Redio alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, mkono mweusi kwa masizi, na sisi wawili tukawa tunainama kushoto na kulia kama vile tumo ndani. Kona ya kumi na tano sauti ikaingia nyuma ya mlima, ikapotea, ikarudi juu kabisa, nyembamba. Kisha ikakatika.

Kipaza sauti kilikwaruza. Mtangazaji akakohoa. Ningemkaba.

"Dakika tatu," akasema, na sikusikia sawasawa kilichofuata kwa sababu ya kelele, na kelele ile ilikuwa yangu. Watu walinieleza baadaye. Dakika tatu, sekunde hamsini na saba, nukta nne. Nilikuwa nimerusha kofia yake, ikanasa juu ya nguzo ya kipaza sauti, na nadhani iko huko mpaka leo.

Nikamgeukia shemeji yangu. Shati lake lilikuwa na ramani nzima ya chini ya gari, nywele zimejaa vumbi, macho yametoka. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka. Akaufunga, akauziba kwa kiganja, akaanza kuruka ruka mahali pamoja akitoa sauti puani kama ndama.

Mke wangu alishuka na msafara, akapita wote waliotaka kumpa mkono, akasimamisha gari mbele yangu. Hakushuka. Mkaguzi alikuwa amefungua barabara kwa wanaotaka kupanda kufuata mahema na vifaa vilivyobaki juu. Mke wangu akainama akafungua mlango wa abiria kutoka ndani.

"Ingia," akasema.

Nikamwambia anajua mimi sipandi. Akasema anajua. Akasema miaka mitatu nimesikiliza nikiwa nje, na bomba hili limetengenezwa kwa mikono yangu, leo nilisikie nikiwa ndani. Nikamuuliza kama atakwenda taratibu. Akasema taratibu kabisa, huku anavaa glovu.

Niliingia. Redio alikuwa ameshajipenyeza kwenye kiti cha nyuma, mdomo bado umezibwa. Mke wangu akatoa kile kitambaa chekundu mfukoni, akanitupia magotini, akaingiza gia. Nikautazama mshale wa turbo, kisha ule wa mizunguko ya injini. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tatu. Kwenye elfu mbili na mia tano ule wa turbo ukaamka kama alivyosema, kiti kikanipiga mgongoni, na mluzi ukajaa gari lote. Nikacheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Redio alinyamaza kwa uaminifu kabisa, kona ya kwanza, kona ya pili. Alidumu mpaka ya tatu.